Kabla hujasaini kazi ya nje, uliza ukiacha kazi inakuwaje

Watu wakiniuliza kuhusu kazi za nje maswali huwa ni yale yale, viza inatoka baada ya muda gani, karatasi gani zinatakiwa, ajenti yupi anaaminika, kwenye intavyuu wanauliza nini. Maswali mazuri tu, siyakatai. Ila lile ambalo mimi ningelianza nalo karibu hakuna anayeuliza: hii kazi ikiisha kesho, mimi kwenye hiyo nchi nabaki kama nani? Maana sehemu kubwa ya dunia ruhusa yako ya kukaa imefungwa kamba moja na kazi yako, kazi ikikatika na ruhusa inakatika, na siku zinaanza kuhesabiwa bila mtu kukugongea mlango kukuambia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja kwa sababu hapa ndo wengi wanajichanganya. Viza, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni vitu vitatu. Viza inakufikisha mpakani, kibali cha kazi kinasema ufanye kazi gani na mara nyingi kwa mwajiri yupi, ukaazi unasema uwepo mpaka lini. Kuna nchi zimeviweka vyote kwenye kadi moja na kuna nchi kila kimoja kina ofisi yake na tarehe yake, alafu wewe unaangalia tarehe moja tu ile iliyoandikwa kubwa kwenye paspoti. Marekani kwa mfano ile stika ya viza siyo inayosema unakaa mpaka lini, inayosema ni rekodi inaitwa I-94 ambayo unaipata onlaini baada ya kuingia. Stika inaweza kuwa imeisha na wewe uko kihalali kabisa, na kinyume chake pia kinatokea, stika bado ina miaka ila I-94 imeisha, mtu analala usingizi mzuri kumbe tayari amezidisha muda. Na kuna kamtego kengine, ofisa wa mpakani akiona paspoti yako inaisha kabla ya kibali anaweza kukupa I-94 inayoishia siku paspoti inapoisha, hata kama kibali cha kazi kina mwaka mwingine mbele. Kwa hiyo ukishaingia kitu cha kwanza ni kuifungua ile rekodi uisome, sio kupost picha ya airport.

Sasa turudi kwenye kuacha kazi. Marekani mtu wa H-1B, yaani viza ya kazi za utaalamu, akipoteza kazi anapewa mpaka siku 60, au mpaka I-94 yake iishe kama inaisha mapema zaidi. Uingereza nako wanataja 60 kwa mwenye viza ya Skilled Worker, kwa hiyo watu wanadhani ni kitu kimoja, ila vinafanya kazi tofauti kabisa. Marekani ukipata kampuni mpya, wakishapeleka maombi yako unaweza kuanza kazi kwao hata majibu hayajatoka. Uingereza hapana, unaomba upya alafu unasubiri mpaka ruhusa mpya itoke ndo uanze, ukianza mapema umefanya kazi bila kibali na hilo doa linakufuata kwenye kila ombi linalokuja.

Alafu zile 60 za Uingereza hazihesabiwi kuanzia siku ya mwisho kazini. Mwajiri ana siku 10 za kazi kuripoti kwamba umeondoka, kisha uhamiaji wanakuja kukuandikia barua kwamba ruhusa yako imefupishwa, na hesabu inafuata hiyo barua, au tarehe ya viza yenyewe kama ilikuwa karibu kuisha. Mtu anaona kimya anafikiri amesahaulika. Sasa hiyo barua inaenda wapi? Mara nyingi inaenda kwenye imeli uliyoiandika wakati unaomba viza, na kama fomu ilijazwa na ajenti akaweka imeli yake, imekula kwako, barua inafika kwa mtu ambaye ameshalipwa na hana shida na wewe tena. Hili peke yake linatosha mtu kujaza fomu zake mwenyewe, au angalau kusimama nyuma ya anayejaza na kuangalia anaandika nini.

Japani wana utaratibu wao. Ukiacha kazi una siku 14 kuwajulisha uhamiaji, ukipata nyingine siku 14 tena, na ukikaa miezi mitatu bila kufanya shughuli uliyopewa ukaazi kwa ajili yake, bila sababu ya maana, wanaweza kuufuta. Kutafuta kazi kwa dhati ni sababu ya maana, ila inabidi uweze kuonyesha, kwa hiyo imeli za maombi ya kazi usifute hata zile za kukataliwa (hasa zile za kukataliwa). Ujerumani nao unatakiwa kutoa taarifa ndani ya wiki mbili kazi ikivunjika kabla ya wakati, na mwenye Blue Card, kibali cha wataalamu waliosoma, akitaka kubadilisha mwajiri ndani ya miezi 12 ya mwanzo ofisi inaweza kumsimamisha siku 30 wanaangalia kama anastahili. Sio kwamba huwezi kuhama, unaweza, ila usimwambie bosi wa zamani kwaheri siku hiyo hiyo.

Ghuba ndo nakujua vizuri zaidi kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Emirati ukaazi haugongwi tena kwenye paspoti tangu 2022, kadi ya Emirates ID ndo ushahidi wako, na kampuni ikikanseli viza unapewa siku za kujipanga, wengine siku chache, wengine mpaka siku 180, inategemea ukaazi wako ni wa aina gani, zikipita hizo faini ni dirham 50 kila siku. Tatizo haliko kwenye hizo siku, liko kwenye karatasi unayosaini kabla hazijaanza.

Kuna jamaa tulikuwa kazi moja, kampuni ikapunguza watu akaitwa ofisini. Mezani kuna fomu ya kukanseli, kurasa chache, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, na kalamu imeshawekwa juu yake. Kwenye mstari mdogo karibu na sehemu ya sahihi imeandikwa kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote. Hajapokea hata senti, likizo yake haijalipwa, kiinua mgongo hakijalipwa. Akauliza, akaambiwa hiyo ni fomu ya kawaida tu, saini ili tusicheleweshe, ukichelewa faini inakuja kwako. Jamaa ni mpole ila sio mjinga, akaomba kuipiga picha, akasema atasaini hela ikiingia benki, akatoka. Wakamnunia wiki nzima. Sheria yao ya kazi, ile iliyoanza Februari 2022, inasema malipo ya mwisho yatoke ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika ile mitano ya mwanzo, ilimradi umetimiza mwaka. Alikuwa ameshaandika hesabu yake kwenye kijikaratasi, akafungua malalamiko kwenye app ya wizara ya kazi, na hela iliingia. Angesaini siku ile angeanza kudai kitu ambacho mwenyewe ameandika ameshakipokea.

Kingine cha huko ni kuripotiwa umetoroka kazi, Saudia wanaita huruub. Mwajiri anatoa taarifa kwamba hujulikani ulipo, na ghafla wewe ambaye una kesi ya mshahara unageuka mtu anayetafutwa. Wapo mabosi wanaitumia kama fimbo, tusidanganyane. Ndo maana kuacha kazi kwa mdomo, eti bosi nimechoka mimi naondoka, ni hatari. Andika imeli au barua yenye tarehe, hifadhi rekodi za kuingia na kutoka kazini, skrinshoti za meseji za msimamizi akikupangia shifti, na vyote hivyo visikae kwenye simu ya kampuni. Paspoti nayo ikae kwako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa wafanyakazi wahamiaji unakataza mtu binafsi kushika paspoti ya mwingine, nchi tajiri zinazopokea wafanyakazi karibu zote hazijauridhia, ila Emirati, Qatar na Saudia zina makatazo yao zenyewe kwenye sheria zao, kwa hiyo yule anayekwambia "ndo utaratibu wa hapa" anakwambia utaratibu wa kampuni yake.

Na tafadhali angalia ushauri unaopewa ni wa mwaka gani. Aliyefanya kazi Qatar 2017 atakwambia hutoki nchini bila ruhusa ya bosi na huhami kazi bila barua yake. Kwake ilikuwa kweli. Ruhusa ya kutoka waliiondoa kwa wengi 2018 na kwa wafanyakazi wa ndani 2020, na barua ya kuhama kazi nayo ikafutwa 2020. Saudia walilegeza Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani wakaachwa nje ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa mji mmoja, mmoja mhasibu mmoja dada wa kazi, kila mmoja anaapa anajua sheria, na wote wako sahihi kuhusu maisha yao tu.

Safari za kurudi nyumbani nisizisahau. Kukaa nje zaidi ya siku 180 kwa ukaazi wa kawaida wa Emirati kunaufuta, Ujerumani kwa vibali vingi ni miezi sita, Japani ukitoka kuna kisanduku kwenye kadi ya kuondokea unatakiwa ukitiki kuonyesha kwamba unarudi, usipotiki wanahesabu umehama. Mtu ana kazi, ana nyumba ya kupanga, ana kila kitu, anapoteza ukaazi kwa kisanduku.

Kwa hiyo mimi sahivi nikipata ofa nawaandikia HR imeli fupi kabla ya kusaini. Nauliza kibali kina jina la mwajiri au la, nikiacha au nikiachishwa nani anatoa taarifa na ndani ya siku ngapi, napata muda gani wa kutafuta nyingine, naweza kuanza kwingine kabla ya majibu, tiketi ya kurudi ni ya nani, gharama za kibali nani analipa na je, nitadaiwa nikiondoka mapema. HR anayeijua kazi yake anajibu siku mbili tatu, na kama jambo halijui anasema atauliza. Wengine wanapiga simu badala ya kuandika, usijali ndugu hayo tutaongea ukishafika. Hapo nashukuru kwa simu, alafu naandika imeli nyingine: kama tulivyoongea leo, umesema hivi na hivi, naomba unithibitishie. Mkataba unabaki haujasainiwa mpaka hiyo ijibiwe.