Hamburg ya Babu

Mwezi Juni 2025, nikiwa katika mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili ya misitu mjini Göttingen, Ujerumani, tulikubaliana wanafunzi wanne kutumia Jumamosi na Jumapili moja kuutembelea mji wa bandari wa Hamburg. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Wenzangu walikuwa dada mmoja wa Mombasa anayesomea takwimu, kaka kutoka Windhoek, Namibia, ninayeishi naye bweni moja, na binti wa Kiindonesia ambaye kwa kauli moja tulimfanya mweka hazina wa safari. Wanafunzi wengine walishangaa kwamba hatukuchagua Paris wala Amsterdam. Nilikuwa na sababu yangu ambayo sikuwa nimemweleza mtu: marehemu babu yangu alikuwa kuli katika bandari ya Tanga, na tangu utotoni nilimsikia akisimulia marobota ya mkonge yaliyopigwa chapa ya jina hilo, ambalo yeye alilitamka "Hambagi", kana kwamba ni kijiji kilicho ng'ambo kidogo tu ya Pangani.

Kila mmoja wetu alikuwa na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ambayo mwaka huo iliuzwa kwa euro 58 na ambayo humruhusu mtu kupanda treni za mikoa, mabasi na reli za mijini nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo kasi. Kwa hiyo safari ilikuwa ya kubadilisha treni. Ya kwanza ilichelewa, na tulipofika Uelzen tukaikuta ya pili imekwisha kuondoka. Tulisubiri saa nzima, na saa hiyo siijutii hata kidogo, kwa sababu stesheni ya Uelzen ilipambwa upya kwa michoro ya msanii Friedensreich Hundertwasser, kazi iliyokamilika mwaka 2000, mwaka uleule aliofariki. Nguzo zake zimevikwa vigae vya kila rangi, zimevimba na kubonyea kama mitungi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na sakafu yenyewe haikunyooka. Dada wa Mombasa alifungua bakuli la mahamri aliyoyakaanga usiku, tukala tukiwa tumeegemea mojawapo ya nguzo hizo.

Tulipofika Hamburg tulikwenda moja kwa moja Speicherstadt, mtaa wa maghala. Ujenzi wake ulianza mwaka 1883, na mwaka 1888 ulifunguliwa rasmi na Kaisari Wilhelm wa Pili. Ili kupata nafasi, wakazi wapatao 20,000 waliondolewa na nyumba zao kubomolewa, jambo ambalo ni rahisi kulisahau mtu anapoyatazama majengo hayo ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa kwenye tope, maji ya mifereji yakipita chini yake. Tangu mwaka 2015 mtaa huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilichokitazama zaidi ni vipaa vilivyo kwenye vilele vya maghala, ambamo winchi za kuvutia mizigo zimehifadhiwa hadi leo. Nilisimama chini ya mojawapo kwa muda mrefu, shingo nimeikunja, nikiwaza kwamba robota ambalo babu alilisukuma kwa bega lake huenda lilipandishwa kwa kamba hadi kwenye dirisha kama lile, na kwamba kamba yenyewe inawezekana kabisa ilisokotwa kwa singa za mkonge wa kwetu.

Hapo ndipo nilipowasimulia wenzangu habari ambayo kila mtoto wa Tanga anapaswa kuijua. Mkonge si mmea wetu wa asili. Mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikasafirishwa kwa meli kupitia Hamburg hadi Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyoenea kutoka Muheza hadi Korogwe na kuvuka hadi Morogoro na Kilimanjaro, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza dunia nzima. Binti wa Kiindonesia aliuliza swali ambalo sikulitarajia: miche mingine 938 ilifia wapi? Sikuwa na jibu, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria hiyo zaidi ya ile iliyopona.

Ndani ya ghala mojawapo mna makumbusho madogo ya viungo, ambamo mgeni anaruhusiwa kugusa na kunusa. Dada wa Mombasa alichota karafuu kiganjani, akafumba macho, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, hii ni sebule ya bibi yangu siku ya Idi." Uhusiano wa mji huo na pwani yetu ni wa zamani kuliko ukoloni wenyewe. Kampuni ya William O'Swald ya Hamburg ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 Sultani Majid alitia saini mkataba wa biashara na miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck. Miongoni mwa bidhaa walizochukua pwani ni kauri, zile simbi ndogo ambazo watoto wetu huchezea, wakazipeleka Afrika Magharibi zilikokuwa zikitumika kama fedha.

Kutoka hapo tulitembea hadi Große Reichenstraße, kwenye Afrikahaus, jengo lililokamilika mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni pamesimama sanamu ya shaba ya mpiganaji wa Kiafrika, na uani zimo sanamu za tembo wawili. Mwanzoni tulifurahi kama watu waliokutana na jamaa ugenini, na simu zikatoka mifukoni kwa ajili ya picha. Kaka wa Windhoek hakutoa yake. Alitueleza kwamba meli za Woermann ndizo zilizosafirisha wanajeshi wa Kijerumani kwenda Namibia katika vita vya mwaka 1904, vita ambamo Waherero na Wanama waliangamizwa kwa maelfu, na kwamba upande wa mama yake ni Waherero. Hakusema kwa hasira. Alilitazama jengo kutoka juu hadi chini, kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua. Nilirudisha simu mfukoni, nikasimama naye. Sioni kwamba tulikosea kufurahi, ila nasema kweli kwamba tembo wale sikuweza kuwatazama tena kwa jicho la kwanza.

Jioni tulipanda Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 2017 juu ya ghala la zamani lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku, tukauona mto Elbe kutoka barazani. Upepo ulikuwa mkali, na hatukukaa.

Jumapili tuliamka gizani, kwa kuwa soko la samaki, Fischmarkt, majira ya kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu na nusu. Soko hilo lipo tangu mwaka 1703. Nilidhani nitakuta utulivu wa Kijerumani niliouzoea Göttingen, kumbe nilikuwa nimerudi mnadani Deep Sea, Tanga. Wauzaji wamesimama juu ya magari yao wakinadi kwa sauti zilizokauka, mmoja akitia samaki wa moshi ndani ya mfuko wa mnunuzi, akiongeza, akiongeza tena, huku akiuliza umati kama bado hawajaridhika. Dada wa Mombasa alisimama mbele yake na kuomba nyongeza kwa Kijerumani chake cha miezi minane, na akapewa. Tukaondoka na makreli wanne kwa bei ya wawili.

Baadaye tulipanda feri namba 62 kutoka gati la Landungsbrücken, ambayo tiketi yetu ya mwezi iliilipia. Wenzangu walibishana kwa furaha kama inafanana zaidi na feri ya Likoni au pantoni ya Kigamboni, lakini mimi nilikuwa nimekwenda nyuma ya chombo. Tulipokaribia gati la makontena, nilimpigia bibi simu ya video.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona upepo mwingi, uko wapi?"

"Niko Hambagi, bibi."

Alinyamaza. Niliigeuza kamera, nikamwonyesha meli moja kubwa iliyofungwa gatini, mikono ya winchi ikishuka na kupanda, na makontena yaliyopangwa kwa rangi kama vibao vya mchezo wa watoto. Alitazama muda mrefu bila kusema neno, akiwa ameisogeza simu hadi nikawa naona paji la uso wake peke yake. Kisha akaniuliza makuli wako wapi, mbona haoni mtu hata mmoja. Nikamwambia kwamba siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine.

"Babu yako angeisikitikia bandari hii," alisema. Halafu akaniagiza nimwoneshe maji.

Nikaielekeza simu chini, kwenye povu la mto Elbe, nikaishika hivyo mpaka tulipotia nanga Finkenwerder.