Sukari nyeupe kwenye kidonda: masharti yake

Ukimwona muuguzi akimimina sukari ya chai kwenye kidonda kinachonuka, anajua anachofanya. Leon Herszage, daktari wa Argentina, aliandika kuhusu tiba hii mwaka 1980, na Moses Murandu, muuguzi mzaliwa wa Zimbabwe, akaifanyia utafiti Uingereza katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton. Inasaidia kweli, ila ina masharti, na wengi huyaruka.

Sukari huvuta maji, na bakteria asiyepata maji hazaliani. Wataalamu hupima maji yaliyo huru kwa kipimo ambacho maji matupu ni 1. Bakteria wengi hushindwa kukua chini ya 0.91, lakini Staphylococcus aureus, anayependa sana vidonda, huvumilia hadi karibu 0.86. Maji yaliyoshiba sukari kabisa yako kwenye 0.85 hivi. Nafasi ni finyu mno! Majimaji ya kidonda yakizidi kidogo tu, sukari inazimuliwa na kugeuka chakula cha wadudu wale wale.

Kwa hiyo, ondoa kwanza nyama mfu, safisha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kausha ngozi ya pembeni, kisha jaza shimo lote kwa sukari nyeupe safi kutoka pakiti mpya. Funika kwa gozi (shashi ya kufungia vidonda) kavu nene. Kidonda kinachotoa maji mengi hubadilishwa mara mbili hadi nne kwa siku. Kikianza kukauka, mara moja inatosha. Ukifungua ukakuta chembe au shira nzito, ratiba yako ni sawa. Ukikuta maji mepesi, umechelewa: osha, jaza upya, na safari ijayo fungua mapema. Harufu ndiyo hupungua kwanza, na kwa mgonjwa anayeona aibu mbele ya wageni wake hilo si jambo dogo.

Usiweke kwenye kidonda kinachovuja damu, kwa sababu sukari inaweza kuichochea zaidi. Wengine huhisi kuwaka moto, basi wapewe dawa ya maumivu kabla. Mwenye kisukari hazuiwi: sukari ya mezani ni sukrosi, na kimeng'enya cha kuivunja kiko kwenye utumbo mdogo, si kwenye kidonda. Hata hivyo mpime sukari ya damu kama kawaida.

Hatari ninayotaka isisahaulike ni ya figo. Sukrosi ikiingia kwenye damu bila kuvunjwa hutoka kwa mkojo, na ikiwa nyingi huvimbisha seli za mirija ya figo. Figo kushindwa kazi ghafla kumeshawahi kuripotiwa baada ya sukari kujazwa kwenye kidonda kikubwa chenye kina. Kwa mashimo ya namna hiyo, hasa ya kifuani, au kwa mgonjwa ambaye figo zake tayari ni dhaifu, tafuteni njia nyingine.

Sukari hiyo hiyo husaidia utumbo wa kolostomi (tundu la tumboni ambalo utumbo mkubwa hutolewa nje ili kinyesi kipite) uliochomoza na kuvimba. Vua mfuko wa kinyesi, nyunyizia sukari utumbo wote, subiri dakika 20 hadi 30. Maji yatatiririka, uvimbe utanywea, ndipo daktari aurudishe taratibu kwa mkono wenye glavu iliyopakwa jeli. Utumbo ukiwa mweusi au wa zambarau, usiguse sukari. Mwite daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo.