Koti Nililonunua Covilhã

Nilikwenda Covilhã, mji wa Ureno ulio ubavuni mwa milima ya Serra da Estrela, ili kuona makumbusho ya sufu. Treni kutoka Lisbon ilichukua karibu saa nne, na chumba nilichopanga, ambacho kodi yake ilizidi ile niliyotajiwa, kilikuwa na baridi kali kiasi kwamba kulipokucha niliingia duka la kwanza lililokuwa wazi, nikanunua kwa bei ya kuumiza koti ambalo muuzaji aliniapia kuwa ni sufu tupu ya kondoo wa milima ile.

Makumbusho yamo katika kiwanda cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1764, enzi za Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa mfalme wa Ureno. Nilipokuwa nikitazama visima vya mawe vilivyotumika kutilia sufu rangi, mzee mmoja, mfumaji mstaafu aliyejifunza Kifaransa alipokuwa kibarua Ufaransa, aliomba kulishika koti langu. Alilisugua pindo lake kwa vidole viwili, kisha akaniambia kwa upole kwamba sufu iliyomo haifiki nusu. Tuliitafuta lebo, tukaikuta imeshonewa ndani ya mfuko: akriliki, asilimia 70. Niliumia sana, kwa kuwa nilikuwa nimedanganywa kuhusu sufu katika mji ulioishi kwa sufu karne nyingi.

Tuliketi hapo saa mbili nzima. Mzee alianzia mwaka 1703, Ureno na Uingereza zilipotia sahihi Mkataba wa Methuen, wenye vifungu vitatu tu. Vitambaa vya sufu vya Waingereza, vilivyokuwa vimepigwa marufuku, viliruhusiwa tena kuingia Ureno. Mvinyo wa Ureno nao ukapunguziwa Uingereza theluthi moja ya ushuru uliotozwa mvinyo wa Ufaransa. Wafumaji wa Kiingereza walipata soko la Ureno na, kwa kupitia huko, la Brazil, koloni la Ureno wakati huo, ambayo dhahabu yake ilisaidia kulipia vitambaa hivyo. Wafumaji wa Ureno walibaki na ushindani, na kiwanda tulimokuwa tumeketi kilijengwa miaka 61 baadaye.

Nilimtajia mfano wa mwanauchumi Mwingereza David Ricardo wa mwaka 1817: kwa mwaka mmoja Ureno yahitaji watu 80 kwa mvinyo na 90 kwa kitambaa, Uingereza 120 kwa mvinyo na 100 kwa kitambaa, na kwa hiyo Ureno, ijapokuwa yafuma kwa watu wachache zaidi, yafaidika ikiuza mvinyo, ambako yaizidi Uingereza zaidi, na kununua kitambaa. Sioni kosa katika hesabu hiyo. Mzee aliniuliza tu wale 90 wanakwenda wapi, maana mizabibu iko mbali, bondeni Douro, na kidole kilichozoea uzi hakijui kupogoa mzabibu.

Usiku ule, nikiwa nimejifunika koti lile lile, niliwahesabu watu wa kwetu wanaoweza kukitambua kitambaa kwa vidole. Nilimpata mmoja, bibi yangu, naye amekwisha kufariki.

Jumapili nilipokwenda kulirudisha koti, duka lilikuwa limefungwa, na treni yangu iliondoka kabla halijafunguliwa.