Bata wa mayai uani, bila bwawa

Wa kwanza kuniambia bata hafugiki bila bwawa ni ami yangu, ambaye maishani mwake hajafuga hata njiwa. Wa pili jirani wa ukuta mmoja. Wa tatu kijana wa duka la dawa za mifugo, na huyo, nikaja kujua baadaye, nduguye ni fundi wa kujenga.

Fundi akaja. Akachimba nyuma ya jiko, akasakafia, akaniachia bili ya elfu saba au nane, sikumbuki vizuri wala sitaki kukumbuka. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu: watoto wa mtaa wamepanda ukutani, bata wanapiga mbizi, na mimi na kikombe changu cha kahawa najiona mwenye hoteli ya ufukweni. Siku mbili tatu mbele maji yakageuka kijani, mazito, yana povu. Bata hunywa, huoga na hunya pale pale, wala haoni haya. Harufu ikapanda ukuta ikakaa barazani kwa jirani, yule yule mshauri, akaanza kuniulizia kwa sauti ya upole kama nina mpango wowote.

Kulimwaga sasa. Fundi hakuacha tundu la kutolea maji. Nikatoa ndoo kwa ndoo, kanga nimejifunga kiunoni, maji yananimwagikia miguuni, na bata wamejipanga wananitazama. Halafu kujaza upya. Maji yetu ya bomba hapa Malindi yanasukumwa kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na yasipofika mfereji unakohoa tu. Siku hizo ni kununua mitungi ya mkokoteni, kwa bei anayoamka nayo mwenye mkokoteni. Yaani nikawa nanunua maji ili bata wapate pa kunyea! Kisima kipo uani, lakini maji yake ni ya chumvi, na chumvi bata haiwezi, sembuse kifaranga. Bwawa nikalijaza mchanga na samadi. Siku hizi linatoa mchicha.

Bata wa kufugwa hahitaji kuogelea ndipo atage. Anachohitaji ni maji yenye kina cha kuzamisha kichwa chote, aoshe macho na puani, maana chakula kikavu humganda kwenye matundu ya pua. Basi. Ukimwekea sahani ya kuku ya kunywea, macho yanaanza kutoa matongo na watu watakuambia amerogwa.

Dawa yangu ni mtungi wa plastiki wa lita ishirini, ule wa mafuta ya kupikia. Nilipasha kisu motoni nikatoboa matundu ubavuni, juu kidogo ya nusu, kila tundu upana wa kuingia kichwa na shingo lakini si mabega. Kingo nikazipitishia kisu cha moto mara ya pili zilainike, zisimkate. Unajaza maji hadi karibu na matundu. Bata anaingiza kichwa, anazamisha, anakitoa, anajitikisa, anajipaka maji mgongoni kwa mdomo. Kuingia mwili mzima hawezi, kwa hiyo kunya ndani hawezi. Dume langu moja lilijaribu kutwa nzima kujipenyeza, likawa linatia shingo hadi kifuani, linakwama, linatoka kwa hasira na kumpiga mwenzake aliye karibu. Siku ya pili likakubali. Mtungi nimeuweka juu ya vipande vya mawe ya matumbawe, kando ya mgomba, ili maji yanayomwagika yaishie mizizini. Karibu na banda usiweke kamwe, maana matope na bata ndiyo harufu yenyewe. Mara moja moja, jioni, nawawekea beseni kubwa la kuogea la mtoto, wakimaliza nalimwagia mipapai.

Ushauri mwingine wa bure: eti bila dume bata hatagi. Anataga! Dume ni la mayai ya kuangua tu. Ukitaka vifaranga, dume moja kwa majike watano linatosha, madume yakizidi, majike watanyonyolewa visogo.

Halafu aina. Hawa bata wetu wa kila siku, wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele bali wanafoka tu, ni wazuri wa nyama na wazuri wa kulea, lakini kwa mayai utangoja. Anataga fungu lake, analalia siku 35, basi biashara imefungwa. Mimi mayai napata kwa wale wembamba wa rangi ya kaki, Khaki Campbell, asili yao Uingereza. Wangu ni machotara, niliwapata kwa mtu wa upande wa Kakuyuni. Campbell aliyetunzwa vizuri hupita mayai 250 kwa mwaka, ila kulalia hataki kabisa, anataga anaondoka zake. Kwa hiyo nimewagawia kazi: wa kaki wanataga, na yule mama mwenye uso mwekundu anawalalia watoto wa wenziwe. Mayai ya Campbell huanguliwa siku ya 28, na yeye anashangaa mapema hii wamekujaje, lakini anawapokea. Ukimlalisha kuku pia inawezekana, ila kuku amezoea siku 21, mwengine huchoka akaacha mayai yapoe.

Vifaranga nisiwaongelee sana, ni joto na ukavu kama vya kuku. Jambo moja tu: chakula cha vifaranga vya kuku pekee hakiwatoshi. Bata mdogo anahitaji naisini, ile vitamini B3, karibu maradufu ya kuku, akikosa miguu inapinda na anatambaa kwa magoti. Mimi nachanganya dagaa wa kusaga kiasi, na unga wa vitamini kwenye maji.

Sasa kunguru. Anayefuga kitu chochote chenye mabawa Malindi anawajua, hawa wa shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kupunguza milioni moja ya hawa ndege. Wa mwembe wangu hawakusoma tangazo. Walikuwa wanakuja wawili: mmoja anamvuta bata mkia, bata akigeuka kumfokea, wa pili anachukua yai. Kifaranga pia walinichukulia, mbele ya macho yangu, nimeshika ufagio. Nikaambiwa weka sanamu la mtu. Nikaliweka, nikalivisha kanzu kuukuu, wakalikalia kichwani.

Kilichosaidia ni vitu viwili. Kwanza, nilishuka pwani nikaomba wavu mkuukuu kwa wavuvi, ule uliotatuka hauvui tena, wakanipa kwa bei ya chai na maandazi, nikaufunika juu ya kizimba cha vifaranga. Pili, na hili najivunia, nilinunua mshipi wa kuvulia, mwembamba usioonekana, nikaukaza kutoka mwembe hadi ukutani, nikarudisha, nikapeleka tena, uwanja mzima ukawa na mistari kwa juu. Kunguru ni mwerevu, anaogopa asichokiona. Wa kwanza alishuka kama kawaida yake, bawa likagusa kitu, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa kunguru, akarudi mwembeni. Wenziwe wakaja wakakaa tawini wanautazama uwanja wangu mtupu, wanajadiliana. Nilikaa kibarazani nikacheka hadi mchuzi ukaungua.

Na mayai yenyewe usiyaache yawakute nje. Bata hutaga usiku wa manane hadi asubuhi mapema, hana adabu ya kiota, anadondosha popote alipo. Mimi siwafungulii mpaka saa tatu asubuhi. Ndani kuna maranda makavu, mayai naokota yote pale pale, safi. Kabla sijajua hili nilikuwa natafuta mayai chini ya migomba kila siku, na kenge alikuwa ananitangulia. Makombe ya pwani nayaponda nawawekea pembeni, ganda linakuwa gumu hasa.

Limebaki la shombo. Watu wa hapa ukiwatajia yai la bata wanakunja pua. Kwa muda nao walikuwa na haki, kwa sababu mshauri mwengine aliniambia niwape matumbo ya samaki, yanapatikana bure sokoni, na kweli ni bure. Mteja mmoja akanirudishia mkate wa mayai mzima, akasema, "Bi mkubwa, huu umeupikia kwenye sufuria ya papa?" Nikakata matumbo. Nikarudi kwenye chakula cha kuku wa mayai, mfuko elfu tatu na ushei, nacho nakichanganya na pumba, chicha za nazi na mboga za uani. Wiki kadhaa, shombo likaisha. Yai la bata halinuki, linanuka ulichomlisha.

Mkate wa mayai ndio ulioniuzia. Yai la bata lina gramu 70 hivi, la kuku ni 50 hadi 60, kwa hiyo penye mayai manane ya kuku natia sita. Yasiwe ya baridi, na yanataka mkono: unayapiga kwa mchapo zaidi kuliko kawaida, na matone ya ndimu yanasaidia. Ukivumilia, mchanganyiko unapanda mweupe mzito, ukiinua mchapo unaanguka kwa utepe. Iliki, unga unachekechwa juu kidogo kidogo, makaa juu na chini. Unatoka wa manjano kweli kweli, umevimba, na ukiubonyeza kwa kidole unarudi. Siwaambii wateja ni mayai gani mpaka waulize mkate huu umefanywaje. Ya kuchemsha nawauzia walioshazoea tu, na nawasisitizia wayaivishe hadi kiini kigande, yai la bata halifai kuliwa bichi bichi.

Kwa sasa wananyonyoka manyoya, uwanja umejaa kama mto wa kulalia umepasuka, na mayai ni ya kubahatisha. Watarudi. Oda za Ramadhani napokea kuanzia Shaabani, nusu ya pesa mbele, na wa familia pia wanalipa.