Barua Niliyoichapa Mimi

Barua ile niliichapa mimi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii, watu hunipa pole kana kwamba aliyepoteza kazi ni mimi. Mimi nilikuwa karani wa utumishi, mwenye kompyuta na muhuri.

Aliyeondolewa ni dada wa mapokezi. Kati yetu wote yeye peke yake ndiye aliyetoka katika jamii ya watu wa asili, wale ambao wazee wao waliishi katika ardhi ile kabla ya wazee wetu sisi kufika. Lafudhi yake ilikuwa ya kwao. Saa ya chai wapo waliomwigiza, naye akacheka nao, nami nikacheka.

Ilianza na sweta. Akawa anaivaa hata siku za joto, na kila aliposimama kumpokea mgeni aliivuta mbele kwa vidole viwili. Sisi tuliokwisha kuzaa tulielewa siku ya kwanza, tukanyamaza. Lakini pembe la ng'ombe halifichiki. Meneja aliniita.

"Yule wa mapokezi, mkataba wake unaisha lini?"

Nikafungua faili. Ulikuwa mkataba wa miezi 6, uliokwisha kuhuishwa mara 3 bila swali. "Mwisho wa mwezi ujao."

"Usihuishwe tena."

Nikauliza niandike sababu gani. Akanitazama kama mtoto asiyeelewa hesabu. "Andika umefika ukomo. Mkataba ukiisha umeisha, sababu ya nini?"

Dada alikataa kuisaini barua mpaka asikilizwe, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Tukaingia ofisini watatu, mimi nikiwa mwandishi wa kikao. Akauliza waziwazi: ni kwa sababu ya mimba? Meneja akasema hata kidogo, ila "ninyi watu wa kule" mkienda kwenu kwenye shughuli zenu hamrudi. Dada akaniomba nifungue daftari la mahudhurio. Katika miaka 2 alikuwa amekosa siku 1.

"Kumbe ni kwa sababu ya watu wangu?"

"Usituletee ukabila hapa," meneja akamjibu. "Ni hali yako tu. Pale mapokezini anatakiwa mtu wa kusimama kutwa."

Dada akaurudia mlango wa kwanza, ule wa mimba, akaoneshwa wa pili, ule wa asili yake. Akaushika wa pili, akarudishwa wa kwanza. Nilikuwa nikiandika, nikaacha, kwa kuwa sikujua niandike lipi. Mwishowe katika kumbukumbu za kikao niliweka maneno mawili: "Mfanyakazi alieleweshwa."

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, nikakabidhiwa mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Namba 183 wa mwaka 2000, unaohusu uzazi, unasema mwajiri akimwachisha kazi mjamzito, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na mimba. Nilipofika hapo nikafunga karatasi. Sisi tulimtaka yeye athibitishe, tena mbele ya mtu aliyekuwa na daftari lake la mahudhurio mkononi. Watu wa asili nao wana mkataba wao, namba 169 wa 1989, unaokataza wabaguliwe katika ajira. Najua inazifunga nchi zilizoridhia tu, na nyingi hazijaridhia. Najua pia kwamba ofisi yetu isingekiri kumwachisha mtu kazi. Mkataba wa miezi 6 ulibuniwa kwa siku kama ile. Lakini kilichonikera zaidi ni kuona mimba iko kwenye karatasi yake na asili kwenye karatasi yake, ilhali dada yule alikuja nazo zote mbili katika mwili mmoja, na meneja akapata nafasi ya kujificha katikati.

Baada ya kikao alikuja mezani kwangu kusaini kitabu cha kupokelea barua. Mkono mmoja ulikuwa tumboni, juu ya vifungo vya sweta. Akaisoma barua polepole, akaweka kidole kwenye jina lake. Herufi moja ilikuwa imekosewa, kwa kuwa majina ya kwao sisi tuliyaandika tulivyoyasikia.

Nikamwambia anipe dakika moja niirekebishe.

"Acha tu, dada," akasema, akachukua kalamu. "Hata mshahara ulikuwa unaingia kwa jina hilohilo."