Ufizi wangu ulivyoshuka nikiwa na vyuma vya meno

Ni jino la mbele, chini, upande wa kushoto. Asubuhi moja napiga mswaki kabla ya kwenda kazini nikaliona limekuwa refu kuliko wenzake. Nikavuta mdomo, nikasogelea kioo. Jino lilikuwa lilelile. Ufizi wake ndio ulioshuka, mzizi ukabaki nje, wa manjano. Nilikuwa na miaka 29 na vyuma vilikuwa na miezi 14 mdomoni.

Hapo nikaelewa kwa nini maji ya friji yalikuwa yananichoma mahali hapo hapo kila siku, kama mtu aliyekula maembe mabichi hadi meno yakafa ganzi. Vyuma vikikazwa meno huuma siku mbili tatu, kwa hiyo nilikuwa nimeyaweka maumivu yote kwenye kapu moja.

Mama alipoona akasema, "Mwanangu, huo ni uchafu umejificha kwenye waya. Sugua kwa chumvi na mkaa." Nikasugua wiki 3, asubuhi na usiku, kwa mswaki mgumu. Ufizi ukazidi kushuka. Mama simlaumu hata kidogo, ndivyo fizi zilivyotibiwa nyumbani kwao, na maji ya chumvi ya uvuguvugu kweli hutuliza fizi zilizovimba. Lakini kusukutua ni jambo moja, kusugua ni jambo jingine.

Ninaowalaumu ni wale walionifunga vyuma. Walinieleza bei, muda, na nisile muwa wala bisi. Kuhusu fizi hawakutamka neno. Nilipowaonyesha jino nikajibiwa, "Ufizi utarudi wenyewe." Nikaamini kwa miezi 2. Miezi hiyo bado inaniuma.

Mwishowe nikapanda treni ya umeme kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kumwona daktari wa magonjwa ya fizi. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akapima. "Milimita 3, dada." Kisha akanichorea kwenye karatasi. Mzizi wa jino umekaa ndani ya mfupa, na mbele ya meno ya chini mfupa huo kwa watu wengi ni mwembamba mno. Meno yangu yalikuwa yamebanana. Yalipopangwa bila kutengenezewa nafasi ya kutosha, yalisukumwa mbele, kuelekea mdomo wa chini, mzizi ukafika ukingoni mwa mfupa. Ufizi mwembamba usio na mfupa nyuma yake huachia kirahisi. Ongeza ukoga uliokuwa umekwama kwenye waya, ongeza na mswaki wangu mgumu.

Nikamuuliza swali lililokuwa limeninyima usingizi. "Daktari, jino litang'oka?"

"Hapana, tukilisimamisha hapa. Ila ufizi ukishashuka haupandi wenyewe."

Alianza kwa kunisafisha ugaga, yaani ukoga ulioganda, kisha akaandika barua kwa wenye vyuma kwamba lile jino lisisukumwe tena kwenda mbele. Nikapewa mswaki laini na kufundishwa upya, mtu mzima mimi, namna ya kuushika: kwa ncha za vidole, kama kalamu, siyo kwa ngumi. Nikanunua na kile kibrashi kidogo cha kupitisha kati ya waya na ufizi, na dawa ya meno ya kupunguza ganzi. Ganzi ilichukua kama mwezi kupungua. Ufizi haukushuka tena.

Si kila aliyeshuka ufizi hufanyiwa upasuaji. Wengi hupimwa tu na kufuatiliwa. Mimi nilishauriwa, kwa sababu ufizi imara uliobaki chini ya jino ulikuwa kidogo sana. Walinichoma sindano ya ganzi, wakatoa kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, wakakishonea mbele ya jino. Niwaambie ukweli, kaakaa liliuma kuliko jino. Wiki 2 nilikula mtori uliopoa na uji, na sehemu ile sikuigusa kwa mswaki, nilisukutua tu kwa dawa niliyopewa. Nyuzi zilipotolewa, milimita 2 zilikuwa zimefunikwa. Moja ilibaki, na ipo hadi leo.

Sasa vyuma vimetoka. Nyuma ya meno ya chini nimebandikiwa waya mwembamba wa kuyazuia yasirudi yalikokuwa, na huo nao unakaguliwa, maana ukipinda unaweza kusukuma mzizi nje tena polepole bila mwenyewe kujua. Kila miezi 6 napimwa, na kila mwezi najipiga picha mwenyewe, mdomo umevutwa, dirisha lilelile, ili nilinganishe.

Mwezi uliopita mdogo wangu alitaka vyuma. Nikaenda naye. Kabla ya kutajiwa bei nikasema, "Daktari, samahani, mwangalie kwanza fizi za chini." Akamvuta mdomo, akatazama kwa muda, akaagiza picha ya eksirei.