Masini ya kufanyia grafiki: angalia ekrani kwanza

Kila mara bandugu ba grafiki hapa Lubumbashi bananiandikia: "Kaka, nimepata Core i7 bei poa, nichukue?" Na mimi nauliza, i7 gani? Juu i7 (jina la prosesa, akili ya masini) peke yake haisemi kitu, soma namba zenye zinafuata. i7-4600U ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, iko na kore 2 tu (sehemu za prosesa zenye zinafanya kazi pamoja). i5-8250U ni kizazi cha nane, iko na kore 4, na inaipita mbali sana, lakini muuzaji ataandika "i7" kwa bic kubwa juu ya karatasi na ataomba pesa mingi kwa ile ya zamani. Tena ile ya kizazi cha nne Windows 11 haiitambue, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025.

Lakini chenye kinaniuma zaidi ni ekrani. Mutu anafanya afishi, bashe, mialiko ya ndoa, mkate wake ni rangi, halafu anachukua ekrani ya TN (aina yenye rangi zinabadilika ukisogeza kichwa) ya piseli 1366 kwa 768! Jaribu kufanya afishi ya mechi ya Lupopo juu ya ekrani ya vile, ukiinua kichwa ile bluu inapauka, ukiinama inakuwa nyeusi nyeusi, sasa utachagua bluu gani na bantu ba Lupopo wanaijua bluu yao vizuri? Na bluu ya RGB (rangi za ekrani) ikigeuzwa CMYK (rangi za wino) kwa emprimeri inapenda kuvutwa ku zambarau. Ekrani nzuri haiondoe hiyo shida, ila inakuonyesha mapema, unapunguza majenta (wino wa pinki) kidogo kwenye faili mbele bashe ya mita tatu itoke na kliya aanze kupiga kelele.

Kwa hiyo tafuta IPS (aina ya ekrani yenye rangi zinatulia hata ukisogeza kichwa), 1920 kwa 1080, na ukiweza yenye inafunika sRGB (kipimo cha rangi zenye ekrani inapaswa kuonyesha) karibu 100%. Laptop mingi za ofisi, hata za IPS, zinafika kama 60% tu, njo maana mimi naona heri uchukue masini ya kawaida na uiunge na ekrani ya pembeni nzuri ya okazio, kuliko kumaliza pesa yote kwa jina la prosesa.

RAM (kumbukumbu ya kazi), GB 8 ni ya kuanzia, 16 njo ya kazi, na Adobe yenyewe inapendekeza 16 kwa Photoshop. Diski iwe SSD (ile ya haraka), hapo hakuna mjadala. MacBook Air M1 ya 2020 iko na ekrani tamu kabisa na batri inakaa, lakini RAM yake imefungwa kiwandani, ukichukua ya 8 utabaki na 8 milele. ThinkPad T480 iko na nafasi mbili za RAM, unaanza na kidogo unaongeza pesa ikiingia, na iko na batri mbili, moja ndani, moja ya nyuma yenye unatoa na kuweka ingine bila kuzima masini. Kwa delestaji yetu hii, pale kliya anangoja faili na umeme umeenda tangu asubuhi, mimi hiyo naipenda sana. Masini ya mezani inakupa nguvu zaidi kwa pesa ile ile, lakini bila onduleri usijaribu, na hata onduleri ya kawaida inakupa dakika chache tu za kuokoa kazi.

Ukienda dukani beba kle USB yenye faili yako nzito na picha moja nyeusi tupu. Fungua ile nyeusi ekrani nzima, uone kama mwanga unavuja kwenye kona. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti yenye inatoka, linganisha Design Capacity (uwezo wa batri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa leo): kama batri ilizaliwa na 24000 na leo inashika 9000, bei ishuke. Muuzaji akikataa upime, muachie masini yake.